Ngamia Hajafika Sudi

Sudi, 6 Oktoba 2024

Mpendwa Mjomba Abilahi,

Shikamoo. Huku Sudi tu wazima. Baba anakohoa kidogo lakini hataki dawa, na ukikumbuka kwamba mwanawe ndiye anayegawa dawa pale zahanati, utaona mwenyewe aibu ninayoipata mbele za watu. Goti lako linasemaje? Na mkaza mjomba, Bi Mwanaasha, amesharudi kutoka Mbagala kwa mwanao Shamte? Kama amerudi mpe shikamoo yangu.

Mjomba, nimekupigia simu mara kadhaa. Unapokea, unasema "Andika," halafu unakata. Haya, ninaandika.

Kuna mtu anaitwa Abdala. Ni fundi wa mashine za boti hapa Sudi, kwao Newala. Ameleta posa. Baba amempenda, mimi nilimpenda kabla ya baba, na mshenga wao, Mzee Maftaha, ameshafika barazani kwetu akanywa kahawa akasifu paa. Uliyebaki ni wewe. Mila ya upande wa marehemu mama unaijua kuliko mimi: mjomba asipoandika neno lake kwa mkono wake mwenyewe, likasomwa mbele ya wazee, baba hawezi kupokea chochote cha watu. Ninakuomba neno hilo. Si lazima liwe refu. Wenzetu wanataka ndoa ifungwe kabla ya Ramadhani, na mimi nataka kuliko wao. Nina miaka thelathini na moja, Mjomba. Wenzangu kazini wameacha kuniuliza nitaolewa lini, sasa wananionea huruma, na afadhali yale maswali.

Barua nampa konda wa basi aiache Somanga kwa Ziada muuza chapati. Na wewe jibu lako mpe Ziada.

Mpwa wako anayesubiri,
Umi Hussen


Kinjumbi, 29 Oktoba 2024

Mpwa wangu Umi,

Marahaba, tena marahaba. Mimi ni mzima ukiliondoa goti la kushoto, ambalo siku hizi linajiamulia mambo yake. Mkaza mjomba wako hajarudi. Alikwenda kuwasalimia wajukuu mwaka juzi, na wajukuu ni wengi. Chai nachemsha mwenyewe, nayo inanyweka.

Barua yako niliifuata mwenyewe Somanga. Ilikuwa na mafuta ya chapati pembeni lakini maneno yote yalisomeka. Nimeisoma barazani, kwanza kwa sauti, kisha kwa maelezo, na watu wa hapa wanakusalimu.

Sasa nikurekebishe kidogo, maana nisipokurekebisha mimi atakurekebisha nani. Umeleta jambo la ndoa kama mtu aliyeingia dukani kuulizia chumvi. Shikamoo, goti, posa, nataka jibu! Waarabu wa kale hawakufanya hivyo. Tuseme mshairi ana haja yake kwa mfalme. Unadhani anaanza na haja? Hathubutu! Kwanza anasimama kwenye mahame, mahali walipokuwa wamepiga kambi watu wa mwanamke anayempenda. Wameshahama. Anaona majivu, anaona mafiga yamekuwa meusi, analia. Akimaliza kulia anamkumbuka yule mwanamke, jinsi alivyokuwa akitembea. Halafu anampanda ngamia wake na kumsifu, kiungo baada ya kiungo. Halafu njia, jua, kiu, radi. Mwisho kabisa, msikilizaji akiwa ameshalainika, ndipo anaigusa haja yake kwa ncha ya kidole. Hiyo ndiyo kasida. Ndiyo maana mashairi yao yamekaa miaka elfu na mia tano na barua yako ilinichukua muda wa kumeza tonge.

Usidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Mwezi jana hapa jirani wawili waligombana, mbuzi wa mmoja alikula miche ya minazi ya mwenzake. Wakaletwa kwangu. Nikawasomea shairi la makabila mawili yaliyopigana maisha mazima kwa ajili ya ngamia mmoja, nikawafafanulia beti kwa beti. Nilianza baada ya alasiri. Ilipokaribia isha walishikana mikono mbele yangu wakasema wamesameheana, tena kwa haraka, na wakaondoka pamoja bila kugeuka nyuma. Ushairi una nguvu, Umi.

Kwa hiyo hatuwezi kuanza na ndiyo. Tuko kwenye mahame. Mwulize huyo Abdala swali hili: mshairi anasimama kwenye majivu analia badala ya kuwafuata wenyewe walikokwenda. Hekima yake ni nini? Ajibu mwenyewe, asisaidiwe. Na wewe uandike kwa urefu. Ukurasa mmoja kwa jambo zito namna hii! Wala usikawie.

Ni mimi mjomba wako,
Abilahi Shamte


Sudi, 10 Novemba 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Nafurahi kusikia goti lina msimamo. Baba bado anakohoa. Korosho za huku mwaka huu zimekubali, kila mtu yuko shambani, na zahanati imejaa watu waliobabuka vidole kwa mafuta ya maganda.

Barua yako tuliisoma mimi na baba. Alivua miwani, akaifuta, akaisoma tena, kisha akaniuliza, "Sasa amekubali?" Nikamwambia, "Baba, tuko kwenye mahame." Akaikunja barua, akasema, "Mjomba wako tangu ujana wake ndivyo alivyo. Siku namwoa mama yako alitutolea mashairi mpaka wali ukapoa."

Swali nimempa Abdala. Nilimkuta kichwa kiko ndani ya mashine, mikono imejaa grisi, nikamsomea pale pale. Alifikiri kweli, usidhani amelifanyia mzaha. Akasema, "Labda chombo chake kilikuwa kimeharibika." Nikamwambia ngamia haharibiki. Akafikiri tena. Akasema kama wale watu walikuwa na watoto na mizigo hawawezi kuwa wamefika mbali, na yeye angewauliza wapita njia. Halafu akaniuliza kama huyo bwana hatimaye alimpata mwenzake au hakumpata. Nikamwambia nitakuuliza. Alimpata, Mjomba?

Hilo ndilo jibu lake, nimeliandika kama alivyolisema. Abdala si mtu wa mashairi. Ni mtu ambaye mashine ikikataa baharini, watu humpigia simu na yeye huenda, hata kama ameshalala. Mimi kwangu hiyo inanitosha, na ningefurahi ikikutosha na wewe.

Nimejaza kurasa mbili na nusu, umeona? Sasa nipe ndiyo yangu.

Umi


Kinjumbi, 8 Desemba 2024

Mpwa wangu Umi,

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani! Nilikwenda Somanga Jumatatu, haipo. Nikaenda Alhamisi, haipo. Ziada akaniambia konda alipitiliza nayo mpaka Kibiti. Mwambie huyo konda barua za watu si magunia ya viazi.

Jibu la Abdala nimelisoma barazani. Watu walicheka sana. Mimi sikucheka, nilitikisa kichwa. Chombo kimeharibika! Lakini nimempa alama kwa kuuliza kama yule bwana alimpata mwenzake, maana hilo hata wanazuoni wameliuliza. Hapana, hakumpata. Akimpata shairi linakwisha.

Tumevuka mahame, alhamdulillahi. Sasa tumefika kwa ngamia. Nimekuandikia sifa zake kwa Kiarabu na maelezo chini yake, kuanzia shingo. Nimeishia bega la kulia kwa sababu karatasi zilikwisha na duka la hapa linauza madaftari ya hesabu tu.

Pia nilitaka kukutilia methali moja ya Kiarabu inayowafaa watu wanaotaka kuoana. Lakini methali ya Kiarabu haitembei peke yake. Lazima ujue aliisema nani mara ya kwanza, alikuwa amekosana na nani, na siku hiyo kisimani walikuwepo akina nani. Anayekupa methali bila kisa chake amekuuzia kitanda bila kamba. Siku hizi vijana wanazirusha kwenye simu, picha ya jua linalochomoza na maneno chini yake, na anayerusha hajui hata alikotokea msemaji. Mimi sifanyi biashara hiyo. Kisa chake kimekula kurasa nne, nimekiambatanisha. Methali yenyewe nitaileta barua ijayo.

Umeniandikia habari za korosho na za baba yako, lakini hujaniambia unakula nini, unalala saa ngapi, jirani zako ni watu gani. Barua ni pamoja na hayo. Nasubiri.

Mjomba wako,
Abilahi


Sudi, 5 Januari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nakula wali na samaki, nalala nikichoka, jirani zangu ni watu wazuri isipokuwa mmoja mwenye spika. Baba amepona kikohozi kwa hasira.

Nitasema wazi, na unisamehe nikivuka mpaka. Ngamia wako nimeshamjua kuliko ninavyowajua wagonjwa wangu. Najua shingo yake, najua taya lake, najua bega la kulia, na bega la kushoto najua linakuja. Kisa cha methali nimekisoma. Kuna mtu amekosana na shemeji yake, kuna kisima, kuna ndoo imetoboka, halafu pale pale ninapotaka kujua huyo mtu alisema nini, umetia sahihi yako! Baba aliigeuza karatasi akatazama nyuma.

Mzee Maftaha alikuja tena juzi. Safari hii hakusifu paa. Alisema watu wa Newala wanauliza kama huku kuna ndoa au kuna darasa. Amesema Shaabani ikipita bila neno lako watahesabu wamekataliwa, na nimesikia pembeni kwamba shangazi zake Abdala wameanza kumtajia msichana wa Mnazi Mmoja. Abdala mwenyewe amewaambia wanyamaze, lakini mwanamume mmoja hashindani na mashangazi kwa muda mrefu. Mjomba, mimi nampenda huyu mtu. Nimekaa miaka yote hii sijamwandikia mtu yeyote neno hilo, na sasa nakuandikia wewe, sijui hata aibu imekwenda wapi. Nikimkosa kwa sababu ya ngamia sitakusamehe, na nakuambia mapema ili usije ukasema hukujua.

Kama unakataa, andika unakataa. Una neno na Abdala? Umesikia jambo baya juu yake? Amekukosea? Niambie nijue.

Umi


Kinjumbi, 2 Februari 2025

Mpwa wangu Umi,

Marahaba. Makali yako umeyarithi kwa mama yako. Na yeye alikuwa hivyo, Mungu amrehemu. Akikasirika hata kuku walihamia upande wa pili wa ua. Barua yako ya safari hii sikuisoma barazani. Niliwaambia haijafika.

Nani kasema nakataa? Sikatai. Abdala hana baya ninalolijua. Mtu wa Lindi aliyepita hapa na mzigo wa chumvi ananiambia ni kijana mtulivu, haongei sana, na hilo nimelipokea kwa moyo mweupe ingawa kwangu mimi kutokuongea ni upungufu. Sikatai hata kidogo. Ila sijafika. Niko njiani. Haraka yote hii ya nini? Ukishaipata hiyo ndiyo yako, utakuwa na shughuli gani tena na mimi?

Nimeifuta sentensi hiyo lakini naona bado inasomeka. Ipite tu.

Tuendelee. Nimepata karatasi nzuri kutoka Kilwa Masoko, kwa hiyo ngamia nimemmaliza: bega la kushoto, kifua, nundu, mapaja, na unyayo wake unavyokanyaga mchanga bila kelele. Baada ya ngamia nimeweka radi, na baada ya radi mvua inayoteremka usiku kwenye mabonde na kuwatoa wanyama mashimoni. Maana yake ni pana, nimeieleza. Ile methali niliyokuahidi nimegundua ina visa viwili na wanazuoni wamehitilafiana, basi nimeviandika vyote ili haki itendeke, na methali itafuata. Kurasa ni nyingi, nimezitia namba zisichanganyike. Mwonyeshe baba yako aone ndugu wa mke wake ni mtu wa namna gani.

Barua ijayo, inshallah, tutaingia kwenye sifa za mfalme. Hapo haja huwa si mbali.

Jibu haraka.

Mjomba wako,
Abilahi Shamte


Sudi, 23 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Abilahi,

Shikamoo. Sisi wazima. Kaa kitako kwanza, kama goti linaruhusu.

Ninakuletea habari kwamba umekubali.

Ilikuwa hivi. Jumamosi ya wiki iliyopita wazee wa Newala walifika, wamejaa gari zima, na Mzee Maftaha akasema leo wanaondoka na jibu. Wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia akiuliza, "Neno la mjomba lipo?" Baba, maskini, hakuwa na kitu kingine. Akaitoa barua yako. Nilisikia vile karatasi zilivyoanguka mezani, na upande wa wageni mtu akasema "Masha Allah" kabla hata hazijasomwa.

Ule ukurasa wa mbele niliuficha mimi. Palikuwa na ile sentensi uliyoifuta, na sikutaka watu waione. Kwa hiyo walianzia kwa ngamia.

Maelezo alisoma baba. Kiarabu alisoma mwalimu wa madrasa, ambaye ana sauti nzuri, kwa hiyo bega la kushoto likawatoa wazee machozi. Kwenye nundu mmoja alisinzia, kwenye radi akaamka akasema "Allahu akbar." Visa viwili vya methali vilisomwa vyote. Ilipofika mwisho, wazee wakatazamana. Kila mtu alikuwa anajaribu kukumbuka ni wapi ilisemwa ndiyo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hakuisikia. Ndipo Mzee Maftaha akasafisha koo. Akasema, "Jamani, asiyetaka husema sitaki, basi. Huyu bwana ametuletea mpaka ngamia mzima. Heshima hii sisi kwetu haijawahi kufanyiwa. Mimi nimeelewa." Mwingine akasema na yeye ameelewa. Mwalimu wa madrasa akasema maana iko wazi. Baba akasema, kwa sauti ndogo, kwamba shemeji yake ndivyo anavyokubali. Wote wakasema amina, Fatiha ikasomwa, na sisi nyuma ya pazia tukapiga vigelegele kabla mtu hajauliza zaidi.

Ndoa imefungwa Ijumaa baada ya sala. Simu yako niliipiga siku nzima ya Alhamisi. Ulipokea, ukasema "Andika," ukakata.

Mjomba, nilifurahi, na katikati ya furaha nikawa nakutafuta kwenye watu. Hilo nimeona nikwambie.

Umi, mke wa Abdala


Kinjumbi, 12 Machi 2025

Bi Umi,

Marahaba. Tumefunga, na jua la huku ni kali.

Nimepokea habari za kukubali kwangu. Watu wote walialikwa kwenye ndiyo yangu isipokuwa mimi. Sifa za mfalme nilikuwa nimeshaziandika; sasa nizipeleke wapi? Tena mmesoma kasida nusu, mmekata kichwa na mkia, na mwalimu wa madrasa anasema maana iko wazi! Iko wazi wapi? Mimi nimeishughulikia tangu sijaota ndevu na mpaka leo napapasa.

Sina la kusema zaidi. Ndoa ni halali, baba yako ndiye walii, na Fatiha imesomwa. Mungu awape kheri. Haja yako umeipata, kwa hiyo usijisumbue tena kununua karatasi na kumwomba konda. Na mimi nina shughuli zangu nyingi hapa.

Abilahi Shamte


Sudi, 27 Aprili 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na Idi iliyopita. Nilikaa kimya kwa sababu uliniambia nisijisumbue, na nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na mume mpya wa kumzoea. Yeye ni mzima. Amejaribu kupika ugali ukawa wa kupaka ukutani kama chokaa, na akaula wote akidai ndivyo unavyopikwa Newala.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Ziada kuulizia bei ya samaki wa huko. Tukaongea, akaniambia, "Mjomba wako huyo hapa amekaa." Nikauliza anafanya nini Somanga. Akasema huja kila siku basi la kusini linapopita. Anakaa kwenye benchi, anauliza kama kuna kitu kimeshushwa, akiambiwa hakuna anasema alikuwa anapita tu. Ziada akasema na Ramadhani yote alikuja, na njaa yake na goti lake. Mjomba, Kinjumbi na Somanga si pua na mdomo. Hakuna mtu anayepita tu.

Nilikata simu nikakaa chini nikalia, Abdala akadhani baba amefariki.

Halafu nikazichukua barua zako zote nikazisoma upya, na zile za ngamia. Nadhani nimejua kwa nini yule mshairi wako hafiki kwenye haja yake. Mimi si msomi, unirekebishe. Yuko mbele ya mfalme, amekaribishwa, anasikilizwa. Akishasema haja yake atapewa au atanyimwa, na kwa vyovyote ataambiwa asante, nenda. Basi anaongeza ngamia, anaongeza radi. Kwa muda ule anaposoma, yuko na watu. Na mimi miezi yote ile nilidhani unanizungusha kwa ubishi. Ile sentensi uliyoifuta niliisoma siku ile ile barua ilipofika, nikaipita kama ulivyoniagiza. Sikupaswa kuipita.

Sasa sikiliza. Nimeolewa. Sitaki ruhusa, sitaki neno lako, sitaki chochote kwako. Hii barua haina ombi ndani yake, hata ukiitafuta kwa miwani. Nimeandika kwa sababu nimekukumbuka. Jirani mwenye spika amenunua nyingine. Zahanati imepata jokofu la chanjo na Abdala ndiye aliyelifunga, akawa anajisifu hadi usiku. Huku mvua inanyesha tangu asubuhi na paa letu linavuja upande wa jikoni, kwa hiyo naandika huku nimeshikilia sufuria kwa mguu.

Ni hayo tu, Mjomba.

Umi wako


Kinjumbi, 4 Mei 2025

Umi,

Nimekubali. Uolewe na Abdala, nimekubali kwa mkono wangu na kwa moyo wangu, mimi Abilahi Shamte, ndugu wa mama yako. Najua neno hili halina kazi tena, lakini ni langu na nilikuwa sijalitoa, basi nalitoa.

Barua yako aliipokea Ziada, akanikimbilia nayo nikiwa bado kwenye benchi. Niliifungua pale pale nikatafuta ombi. Sikuliona. Nikaisoma tena njiani, nikaisoma nyumbani, na barazani sijaisoma wala sitaisoma. Ni yangu.

Uliyoyasema juu ya mshairi nimeyapekua kwenye vitabu vyangu vyote. Hayamo. Lakini ni kweli.

Mkaza mjomba wako harudi, Umi. Alisema hivyo siku anaondoka, na mimi nimekuwa nikiwaambia watu anasalimia wajukuu. Kuna jioni nilikuwa nazungumza na birika la chai. Ikaja barua yako ya kwanza, nikajua nikikujibu ndiyo, hutaandika ya pili. Nilikuonea, mwanangu, na mumeo nilimwonea pia. Mwambie mashine ya pampu ya kisima cha hapa imekataa tangu mwaka jana na hakuna wa kuitazama. Hilo si sharti wala si mtihani. Nataka tu mje, na mkija mlale hapa, vyumba vipo.

Nimewasalimu wote huko, baba yako kwanza. Ilipasa salamu zitangulie, lakini nilikuwa na haraka.

Abilahi